Waya Tatu za Sauti ya Khadidja

Mimi sina subira, na mtaa mzima wa Buyenzi unajua. Miaka thelathini na moja nafunga nyaya za magari hapa avenue ya kumi na saba, na gari ikikataa kuwaka watu wanaambiana, ipelekeni kwa Tajudini, ataitukana mpaka iwake. Nawasikia. Sijawahi kukanusha, maana maneno hayo yananiletea kazi.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyojisikia wiki ile ya harusi ya binti yangu Houda, nimekaa kwenye kigoda mbele ya fundi wa redio, nafundishwa plus na minus. Mimi! Angekuwa ananifundisha kwa sababu nyingine yoyote ningekwisha simama zamani. Lakini ilikuwa kwa ajili ya dada yangu Khadidja, na kwa Khadidja mimi nakubali hata kufundishwa kutembea.

Khadidja ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, yeye akiwa na kumi na tano, na tangu siku hiyo sikuwahi kulala njaa wala kwenda madrasa na kanzu chafu. Tena ana kipaji chake. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kabla shangazi hajamwimbia. Shangazi anasimama mlangoni, anawataja kwa majina wanawake wote waliomtangulia yule binti: mama, nyanya, mama wa nyanya, mpaka pale kumbukumbu inapoishia, na kina mama waliokaa uani wanaitikia kila jina. Khadidja amewatoa mabinti ishirini na watatu wa ukoo wetu. Zamani akianza kuimba tulikuwa tunamsikia huku kwenye gereji, watu wanazima mashine zao kumsikiliza.

Miaka miwili iliyopita akapasuliwa tezi ya shingo. Alipona, alhamdulillahi, anakula, anatembea, anagombana. Ila sauti ilibaki nusu. Ukikaa naye chumbani unausikia wimbo wote, umetulia vilevile, hakuna kilichopotea. Sogea hatua nne tu, husikii kitu.

Mwaka jana kulikuwa na harusi ya mtoto wa binamu yetu. Wakakodi muziki mkubwa, wakampa Khadidja mikro, kile kipaza sauti cha mkononi. Ile mashine ilikuwa inaunguruma, vuuu, mwanzo hadi mwisho, tena kumshinda yeye. Kina mama wa nyuma hawakujua hata kama ameanza. Wao walikuwa kwenye hadithi zao za bei ya mchele. Alipofika jina la tatu aliiweka mikro juu ya kiti, taratibu, akaenda kukaa. Yule binti akatoka bila majina yake. Usiku ule dada yangu hakula, na mimi nilivunja sahani moja kwa hasira.

Sasa zamu ya Houda ilikuwa imefika. Nilikwenda kwa Khadidja kumwomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniita karibu ili nimsikie vizuri.

"Nitasimama mulangoni, kwa sababu ni Houda," alisema. "Lakini ile mashine ikiunguruma tena, mikro naiweka chini, na sitaishika tena maisha yangu yote. Usikuje kunibembeleza, Taju. Unanijua."

Namjua. Anachosema ndicho anachofanya.

Nikaapa nitamtengenezea mashine kwa mikono yangu, mashine isiyounguruma. Ya kwanza niliifunga kwa betri ya gari, volti kumi na mbili, kama ninavyojua. Nikampa mke wangu Adija mikro aijaribu. Akasema maneno mawili tu, spika ikaanza kukwaruza, na kila akipandisha sauti ndivyo ilivyozidi kukatika.

"Baba Houda," akasema, "umeniweka ndani ya kopo."

Ndipo nilipofunga safari ya kwenda mtaa wa Asiatique kwa Musafiri. Musafiri ni Mkongomani wa Uvira, ana meza yake kwenye baraza la duka moja la vitambaa, na ampli zote, zile mashine za kukuza sauti, za makwaya ya mji huu zimepita mikononi mwake. Ni mtu mpole sana. Ukimpigia kelele yeye anapunguza sauti, na hilo linaniudhi kuliko kitu chochote.

"Sauti iko inapanda na inashuka," aliniambia. "We umeipa ngazi ya kupanda peke yake. Ikitaka kushuka, inagonga chini. Ndiyo maana inakwaruza."

Akanichorea kwa penseli. Transfo moja, ile inayopunguza umeme wa ukutani, inatoa waya tatu. Ya katikati ni sifuri. Umeme ukishanyooshwa na diodi unapata volti thelathini na tatu juu ya sifuri, na thelathini na tatu nyingine chini yake. Kila upande una kondensateri yake, makopo mawili ya kuhifadhi umeme, makubwa kama ya nyanya, ili kuondoa ule mngurumo.

"Na masi ni ipi?" nikamwuliza. Masi, kwetu sisi wa magari, ni bodi yenyewe ya chuma, pale umeme unaporudi.

"Ile ya katikati. Sifuri."

"Masi ni minus."

"Kwa gari, muzee. Hapa masi ni sifuri, na minus iko chini yake."

Nikacheka. Chini ya bodi ya gari ninayoijua mimi kuna barabara tu. Lakini sikuuliza zaidi, nikakunja karatasi, akanipa transfo, diodi, makopo mawili na kibao cha ampli kilichokwisha fungwa. Wakati naondoka akaniambia mambo mawili: nifuate mchoro kama ulivyo, na siku ya kuwasha mara ya kwanza nipitishe umeme kwenye taa ya kawaida ya nyumbani. Kama kuna kosa, taa itawaka sana na kuumeza ule umeme, na hakuna kitakachoungua. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwambia mtoto.

Ijumaa, baada ya swala, nikaanza kazi. Sanduku nililikata mwenyewe kutoka kwenye mlango wa gari lililokufa, nikalipiga rangi nyekundu, likapendeza. Harusi ilikuwa Jumapili. Nikafunga transfo, nikafunga diodi, nikalehemu kopo la kwanza. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipofika kopo la pili. Kwenye mchoro wa Musafiri, mguu wa plus wa kopo hilo ulikuwa umefungwa kwenye masi.

Nikaugeuza ule mchoro huku na huku. Plus kwenye masi! Miaka thelathini na moja sijaona. Mtu akinifungia betri hivyo kwenye gereji yangu namfukuza siku hiyohiyo. Nikajiambia, maskini Musafiri, alikuwa amechoka, wateja walikuwa wanamsemesha, amekosea. Nikamwonea huruma kwa kweli. Nikachukua kalamu ya wino wa buluu, nikamsahihishia mchoro wake, halafu nikalifunga lile kopo kama linavyotakiwa na akili za watu, minus kwenye bodi.

Ile taa niliona ni mambo ya watu wa redio. Nikachomeka moja kwa moja ukutani.

Nilihesabu mpaka nne. Ya tano sikuifikia. Kopo la pili lilipasuka kwa kishindo kilichowafanya majirani watoke nje, na vipande vya karatasi na bati laini vikaruka juu vikanishukia kichwani. Harufu yake sitaieleza. Adija alikuwa uani anakaanga sambusa za wageni, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Baba Houda, uko hai?"

"Niko hai."

"Basi chomoa hiyo kitu, moshi unaingia kwa sambusa zangu."

Nilichomoa. Kisha hasira ikanipanda, na hasira yenyewe yote ilikuwa kwa Musafiri. Amenipa kopo bovu siku mbili kabla ya harusi ya mwanangu! Nikachukua mchoro, nikatia mabaki ya lile kopo mfukoni, nikapanda pikipiki mpaka mtaa wa Gihosha anakokaa, na njia nzima nilikuwa napanga matusi, nikiyachagua moja moja.

Nikamkuta kanisani. Mke wake Lisette ndiye anayeongoza kwaya, na Ijumaa jioni ni siku ya mazoezi. Musafiri anakaa pembeni na mashine zao. Lisette aliponiona dirishani akanionyesha benchi la nje, nikae, wanamaliza. Hawakuwa wanamaliza. Waliimba nyimbo nane, na moja waliirudia mara tatu kwa sababu ya mtu mmoja wa sauti nene aliyekuwa anaingia mapema. Hasira haiwezi kukaa tayari muda wote huo. Ya kwangu ilianza kusinzia wimbo wa tano. Nikatoa karatasi nipate kuiamsha, nikaikunjua, nikaona penseli ya Musafiri, nyembamba na safi, na juu yake wino wangu wa buluu.

Musafiri alitoka, tukasalimiana, nikampa ile karatasi. Aliitazama.

"Hii wino ya buluu ni ya nani?"

Nikalitoa kopo mfukoni, nikaliweka kwenye benchi. Musafiri akalitazama, akanitazama mimi, akaondoa kipande cha bati kilichokuwa bado kimenasa kwenye kofia yangu, halafu akakaa chini kwenye ngazi ya kanisa akacheka mpaka akashika mbavu. Wanakwaya wakatoka kuuliza kuna nini. Akawaeleza. Nao wakacheka, wote, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Nilitaka kuondoka. Lisette akanishika mkono. "Papa Tajudini, kaa. Kuuliza si ujinga. Muulize sasa."

Basi nikauliza, kitu nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza. Musafiri akajifuta machozi.

"Simama kwenye sifuri," akasema. "Tazama chini, kule kwa minus. Kati ya sifuri na ile minus, nani yuko juu?"

"Sifuri."

"Na plus ya kondensateri inakaa upande gani siku zote?"

"Upande wa juu."

Nikasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu mwenyewe, na palepale nikaelewa. Sifuri ni masi ya wote wawili. Kwa yule wa juu ni chini, kwa yule wa chini ni juu. Miaka thelathini na moja nilidhani minus ndiyo mwisho wa dunia, kumbe ni mwisho wa gari. Ningeweza kuona aibu, na nilikuwa na haki ya kuona aibu, lakini nilichokiona ni furaha tupu. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi. Mtu wa umri wangu hafundishwi jambo jipya kila siku.

"Bahati yako hukufunga bado ile kibao ya ampli," Musafiri akasema. "Ungeungua yote."

Tatizo lilibaki lilelile: kopo. Makopo makubwa namna ile hayapatikani dukani kila siku, na yeye alikuwa na hayo mawili tu. Nikamweleza Lisette harusi ni Jumapili, nikamweleza na habari ya dada yangu, ya mikro juu ya kiti, ya alivyoapa. Sikuona haya. Machozi yalinilengalenga na sikuyaficha.

Lisette alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akamgeukia mumewe. "Ile ampli yetu ya zamani, yenye ilikufa. Ndani yake hakuna makopo?"

"Yako. Mawili, na makubwa kushinda haya."

"Sasa unangoja nini? Muimbaji mwenzetu anataka kuimba." Akanigeukia mimi. "Na sisi tutakuja kumusikiliza. Tutakaa nyuma kabisa, ili tujue kama inafika."

Jumamosi asubuhi Musafiri alishuka Buyenzi na makopo mawili kwenye mfuko wa plastiki. Nikadhani atafunga yeye. Hapana. Alivuta kiti, akapokea chai na sambusa nne kutoka kwa Adija, akasema, "Funga we mwenyewe, muzee. Mi niko mugeni hapa." Nikafunga. Kopo la juu, minus yake kwenye sifuri. Kopo la chini, plus yake kwenye sifuri. Sifuri kwenye bodi ya sanduku, kwa skrubu moja niliyoikaza mpaka mkono ukauma. Safari hii niliweka na taa.

Nikachomeka. Taa ikawaka kwa nguvu, nikanyoosha mkono kuchomoa, halafu ikaanza kufifia, ikafifia, ikazimika yenyewe. Makopo yamekunywa, yameshiba. Nikachukua voltimeta, waya yake nyeusi kwenye sifuri. Juu, thelathini na tatu. Chini, thelathini na tatu na kale kamstari ka minus mbele yake. Nilipima mara nne, na kila mara nilikuwa namwita Adija aje aone. Mara ya nne akasema ameshaona, tena ana biriani la watu mia na hamsini.

Tukafunga ampli, tukafunga spika. Nikawasha, nikaweka sikio kwenye spika. Kimya. Hakuna vuu, hakuna chochote. Nikamwambia Musafiri, imekufa. Yeye akachukua mikro, akaikuna kidogo kwa ukucha, na uani, kule jikoni, Adija na shoga zake wote wakageuza shingo kutazama nani anayekwaruza sufuria.

Nilimkumbatia Musafiri na chai yake mkononi. Kanzu yangu ikalowa, sikujali.

Khadidja alikataa kuja kujaribu. "Jumapili," alisema, na basi.

Jumapili baada ya alasiri uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake uani, wanaume barabarani, na mimi katikati, nimejibanza ukutani karibu na mlango na sanduku langu jekundu. Nyuma kabisa, karibu na geti, niliwaona Lisette na wenzake wanane, wamejifunga vitenge vya namna moja. Houda alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anangoja.

Khadidja akaja mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na mtandio mweupe, amepunguka mwili kidogo siku hizi. Nikampa mikro. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hakunitazama, alilitazama sanduku, kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Nikawasha. Kimya kilekile. Akangoja kusikia ule mngurumo. Nikamwona kabisa anaungoja. Haukuja.

Akaanza. Neno la kwanza lilitoka kwenye spika likiwa sauti yake ileile, nyembamba kidogo sasa, lakini safi, na hata ile pumzi ndogo anayovuta kabla ya jina niliisikia. Akasema jina la Adija, mama wa bibi harusi. Halafu akanyamaza.

Mkono wake wenye mikro ulikuwa unateremka, unateremka kuelekea kile kiti, na mimi nikasema moyoni, yarabi, nimekosea wapi tena?

Hakuwa anaiweka chini. Alikuwa anajisikia. Kwa miaka miwili dada yangu hakuwa amesikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka upande wa pili wa ua. Alisimama akaisubiri iishe kule ukutani, akatabasamu, akaipandisha mikro tena karibu na midomo, akaanza upya, na safari hii hakusimama.

Aliwataja mmoja mmoja. Kina mama wakaitikia kila jina, na kina Lisette huko nyuma wakaitikia nao, mara nyingine mahali pasipohitajika, lakini waliitikia. Kwenye gereji ya jirani mtu akazima mashine yake. Alipofika jina la mama yetu, Zuhura binti Ramazani, mimi nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, mbele ya wanaume wa avenue nzima, na nikasikia raha kulia.

Pazia likafunguliwa, Houda akatokea kizingitini kungoja majina yaishe, vigelegele vikapasua anga. Khadidja alikuwa bado na majina matatu. Katikati ya vigelegele hivyo akainama kunielekea, akasahau kwamba mikro bado iko mdomoni, na Buyenzi nzima ikamsikia.

"Taju, punguza kidogo. Unaziba watu masikio."

Uwanja mzima ukacheka. Miaka miwili ni sisi tuliokuwa tukimwambia, Dada, rudia, hatukusikia. Nikaitikia, ndiyo Dada, nikaweka mkono kwenye kile kitufe cha sauti, nikajifanya nakizungusha, nikakiacha palepale kilipokuwa.